Risala ya Waswahili wa Antigonish kwa Mgeni Rasmi: Habari za Majirani Zetu wa Paqtnkek

Mheshimiwa mgeni rasmi mama yetu, mwenyekiti wa kikundi, wazee wetu wa Paqtnkek mliokaa meza ya mbele, walimu, ndugu zetu wanafunzi wa Coady, kina mama mliokesha mkikaanga maandazi, na nyie watoto ambao nawaomba mtulie kidogo tu tumalize hili jambo. Shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo, na kwa wenyeji wetu, kwe'.

Mheshimiwa, utaniona nasoma nasimama nasoma nasimama, ni kwa sababu kuna binti pale pembeni anawatafsiria wazee, kwa hiyo nikinyamaza ghafla usidhani karatasi imepotea.

Kawaida ya risala ni tulianzishwa lini, tuko wangapi, tumefanikiwa nini, changamoto zetu hizi hapa, halafu tunaomba mabati na kompyuta. Leo mabati hatuombi. Sisi ni Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi tunaoishi Antigonish na vitongoji vyake hapa jimbo la Nova Scotia, Kanada, wengine tumekuja kusoma, wengine tunafanya kazi hospitali na kwenye nyumba za kutunza wazee, wengine tulimfuata mume au mke tukabaki. Na kuna wale wa kuja na kuondoka, hao ndio wa Coady, taasisi iliyoanzishwa 1959 ndani ya chuo kikuu cha St. Francis Xavier kufundisha watu mambo ya ushirika na maendeleo, na wewe uliyekaa na viongozi wa SACCOS miaka mingi si ajabu umeshakutana na mtu aliyewahi kuganda na baridi ya mji huu.

Sasa ulimuuliza mwenyekiti, hao wenyeji mnaoishi nao huko ni kina nani na mnaishi nao vipi? Tukakaa kamati tukaona hilo ndilo swali la kujibu, maana habari za theluji na bili za umeme kila mtu anazituma kwenye magrupu ya WhatsApp, lakini habari za hawa jirani zetu nyumbani hakuna anayezijua.

Paqtnkek iko mashariki ya hapa, unapanda barabara kuu ya 104 kama unaelekea kisiwa cha Cape Breton, dakika ishirini hivi umefika. Zamani kwenye ramani iliandikwa Afton. Ni jamii ndogo, watu mia kadhaa tu, ni Wami'kmaq, wenyeji wa asili wa huku, na Nova Scotia nzima jamii zao ziko 13. Lakini usiwaone wadogo, nchi yao wenyewe inaitwa Mi'kma'ki na ndani yake imo Nova Scotia yote, kisiwa cha Prince Edward, sehemu kubwa ya New Brunswick, rasi ya Gaspé kule Quebec na Newfoundland. Na hawakuiuza. Mikataba waliyoandikiana na Waingereza, ule wa 1752 na ile ya 1760 na 1761, ilikuwa ya amani na urafiki, mambo ya kuachia ardhi hayamo. Ndiyo maana hapa ukienda kwenye mkutano wowote, wa shule, wa benki, hata wa mpira wa watoto, wanaanza kwa kusema tuko kwenye ardhi ya Wami'kmaq ambayo haijawahi kutolewa. Wanasema halafu wanaendelea na ajenda zao kama kawaida, hilo nalo uliangalie.

Nianze na barabara maana wewe mwenyewe umepita juu yake jana.

Miaka ya 1960 serikali ilijenga hiyo haiwei ikaipitisha katikati ya ardhi ya Paqtnkek. Ikaikata vipande viwili. Upande wa kaskazini, wa bahari, ndiko kwenye nyumba, na upande wa kusini ni msitu wao, zaidi ya ekari 500, na hawakuwekewa njia ya kufika huko, si daraja, si kivuko, yaani mtu anasimama nyuma ya nyumba yake anaiona ardhi ya babu yake ng'ambo ya magari yanayokwenda kilometa mia na kumi kwa saa. Mheshimiwa, humu ndani tuko ambao wazazi wetu walichorewa X nyekundu ukutani, kwa hiyo tulipohadithiwa haya hatukuhitaji kufafanuliwa. Tofauti ni kwamba hawa hawakunyamaza, na wala hawakukubali kulipwa kifuta machozi wakaondoka, walikaa na jambo hilo miaka kama hamsini, chifu anaingia chifu anatoka, faili liko palepale mezani. Mpaka mwaka 2019 ndipo yakafunguliwa makutano mapya ya kupanda na kushuka barabara kuu, na upande wa kusini ukafunguka. Na hawakuishia kwenye njia ya kupitia, wakasema kama magari yote ya kwenda Cape Breton yanapita shambani kwetu basi na yasimame hapa yaache hela, wakajenga Bayside Travel Centre, kituo cha mafuta na duka na sehemu ya kula, na sasa vijana wao wanafanya kazi pale na hata mmoja wetu hapa anafanya shifti ya usiku.

Siku za uzinduzi wa vitu kama hivyo viongozi hukata utepe wanapiga picha kama wametoa zawadi. Mimi kwa maoni yangu aliyekukatia shamba akakurudishia njia baada ya miaka hamsini hajakupa zawadi, amekulipa deni bila riba. Wazee naona wanacheka, tafsiri imefika.

La pili ni mkunga. Ndiyo, mkunga, huyu samaki kama nyoka ambaye watu wa Kilwa na Mafia wanamjua na watu wa bara wanamkimbia. Kwa Wami'kmaq anaitwa kat, na Paqtnkek ni watu wa mkunga tangu enzi. Kipindi cha baridi bahari ikiganda wanatoboa tundu kwenye barafu, wanashusha mkuki mrefu wenye meno, wanachoma choma kwenye matope ya chini walikolala hao mikunga mpaka mkono usikie kitu kinajinyonga. Nyama wanakula, ngozi walikuwa wanaikausha wanafungia kifundo cha mguu kilichoteguka. Na mzee akiugua akikosa hamu ya kula, anapelekewa mkunga.

Mwaka 1993 mwezi wa nane, pale kwenye hori ya Pomquet ambayo ni hapa hapa karibu, Mmi'kmaq mmoja anaitwa Donald Marshall Jr. alivua mikunga na mwenzake, ratili 463, akauza akapata dola 787 na senti 10. Akakamatwa. Kosa kuvua bila leseni, kuuza bila leseni, na kuvua kwa nyavu zilizokatazwa wakati msimu umefungwa. Huyu Marshall tayari walimjua, kwa sababu mwaka 1971 akiwa kijana wa miaka 17 alisingiziwa mauaji ya kijana mweusi Sandy Seale kule Sydney ya Cape Breton, akakaa jela miaka 11 kwa kosa ambalo hakulifanya, akaja kufutiwa mwaka 1983, na tume iliyochunguza ikatoa ripoti 1989 ikasema wazi kwamba ubaguzi ulichangia. Kutokana na yale yaliyompata chuo kikuu cha Dalhousie kule Halifax kikaanzisha mpango wa kuwasomesha sheria Wami'kmaq na watu weusi wa hapa, kwa hiyo ukisikia mtoto wa Kiafrika wa Nova Scotia kawa wakili kupitia mpango huo, historia yake inapita kwa mtu huyu.

Basi mtu wa namna hiyo ukimwambia lipa faini yaishe, atakusikiliza? Alisimama mahakamani akasema sihitaji leseni yenu, babu zangu waliandikiana na mfalme wenu. Akashindwa mahakama ya chini, akashindwa rufaa, kesi ikafika Mahakama ya Juu kabisa ya Kanada, na tarehe 17 Septemba 1999 akashinda. Majaji wakasoma mkataba wa 1760 ambao ulisema Wami'kmaq watapeleka bidhaa zao kwenye maduka ya serikali tu, wakasema haya, kama mlikubaliana alete bidhaa dukani maana yake mlikubali pia aende akazitafute, bidhaa zinatoka wapi kama haruhusiwi kuvua? Wakatamka kwamba Wami'kmaq na ndugu zao wana haki ya kuvua na kuwinda na kuuza wapate kipato cha wastani. Kesi ya dola mia saba themanini na kitu, ya mikunga, ikageuza uvuvi wa pwani nzima.

Haikupokelewa vizuri, tusidanganyane. Kule Burnt Church, New Brunswick, kulikuwa na fujo za boti na mitego kukatwa mpaka 2002. Mwaka 2020 Sipekne'katik, jamii nyingine ya Wami'kmaq hapa Nova Scotia, walipoanzisha uvuvi wao wenyewe wa kambakoche, wavuvi wengine wakaja juu, na mwezi wa kumi ghala moja la kambakoche likateketezwa kwa moto. Na mpaka leo hicho kipato cha wastani ni kiasi gani bado wanavutana na serikali, robo karne imepita. Lakini mwaka huo huo wa 2020 jamii saba za Wami'kmaq, na Paqtnkek wakiwemo, ziliungana na kampuni ya Premium Brands kununua Clearwater, kampuni kubwa ya samaki, kwa dola bilioni moja, na Januari 2021 biashara ikakamilika, nusu kwa nusu. Hapo nikuache mheshimiwa ufikirie mwenyewe BMU zetu za kule pwani, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, zinavyohangaika na boti moja ya mkopo.

Huduma sasa, hili nitalipitisha haraka maana linafanana na serikali za mitaa kwetu, ila kuna mambo mawili matatu ya ajabu. Baraza la chifu ndilo kila kitu, ndilo halmashauri, ndilo mwenye nyumba, ndilo mwajiri mkubwa, chifu na madiwani wanapigiwa kura. Ardhi ya rizavu, yaani ile waliyotengewa wenyeji, kwa sheria ya Kanada ya 1876, ile wanaiita Indian Act, huwezi kuiweka rehani benki kama mtu mwingine, kwa hiyo kijana akitaka kujenga hana pa kukopa mpaka baraza limdhamini, ndiyo maana orodha ya kusubiri nyumba ni ndefu na familia zinabanana. Wana kituo cha afya chao hapo hapo, manesi wanajua kila bibi anaitwa nani na dawa yake ni ipi, dawa na meno na miwani inalipwa na mfuko wa serikali kuu, lakini ugonjwa mkubwa lazima waje hapa mjini hospitali ya St. Martha's tukutane nao foleni, na daktari wa familia ni shida kwa wote, Nova Scotia watu zaidi ya laki moja wamewahi kuwa kwenye orodha ya kumtafuta daktari kwa wakati mmoja. Maji, kuna jamii kama Potlotek kule Cape Breton walikuwa wanafungua bomba yanatoka maji ya rangi ya chai miaka na miaka mpaka wakaandamana, sasa jamii nyingi za ukanda huu zimeunda mamlaka yao wenyewe ya maji, ya kwanza Kanada kuendeshwa na wenyeji, makubaliano ya kukabidhiwa mitambo yalisainiwa 2022. Sekondari hawana, watoto wanapanda basi la njano kuja shule za serikali, wanakaa darasa moja na wa kwetu.

Elimu ndiyo jambo ambalo wamewapiga bao wenyeji wenzao wengi wa Kanada. Wajerumani walitufanyia yao, Waingereza walitufanyia yao, lakini hawa walichukuliwa watoto kabisa, shule ya bweni ya Shubenacadie ilifanya kazi kuanzia 1930 mpaka 1967, mtoto anatolewa kwa wazazi anapelekwa huko, akiongea Kimi'kmaq anachapwa, na wengine hawakurudi. Kuna wazee ukumbini humu wanaoijua shule ile kuliko ninavyoweza kuisoma kwenye karatasi, kwa hiyo sitaongeza. Ila mwaka 1997 Wami'kmaq wa Nova Scotia walisaini makubaliano ya kuendesha elimu yao wenyewe, wakaunda chombo kinaitwa Mi'kmaw Kina'matnewey, na sasa watoto wao wanaomaliza sekondari wanakaribia asilimia 90, kiwango ambacho jamii nyingi za wenyeji Kanada hazijakifikia. Na tarehe 1 Oktoba 2022 lugha yao ikatambuliwa kisheria kuwa lugha ya kwanza ya Nova Scotia. Tarehe hiyo wameichagua makusudi, ndiyo Siku ya Mikataba, wanaiadhimisha kila mwaka tangu 1986.

Utamaduni. Mheshimiwa ungekuja kiangazi ungekuta mawiomi, mkusanyiko wao mkubwa, ngoma moja kubwa katikati wanaume wamekaa kuizunguka wanapiga pamoja na kuimba, wanaingia kwanza waliobeba fimbo ya manyoya ya tai, halafu askari wastaafu, halafu wachezaji, akina mama wana magauni yameshonewa vikengele vya bati vinalia kila wanapokanyaga. Mtu hapigi picha ovyo ovyo, mshereheshaji anatangaza sasa ruhusa sasa hapana, na watu wanatii, sijui sherehe zetu tungeweza. Chakula kinagawiwa bure na wazee wanapelekewa kwanza. Mkate wao luskinikn, hauna hamira, wanaukata ukiwa wa moto wanapaka siagi. Mwaka jana mama mmoja wetu wa Kilwa alipewa mchuzi wa mkunga na viazi akauonja akanyamaza, akauliza, nazi je? Basi ndiyo ukawa urafiki, mwezi uliofuata akaenda na makopo yake ya tui la nazi, na leo utakula hicho chakula hapo nyuma, sufuria ile kubwa yenye mfuniko wa bluu.

Na mchezo wa waltes lazima nikuambie, maana wazee wetu wa bao wamehamia huko. Ni bakuli pana la mti mgumu, ndani kuna vidude sita vya mfupa, mviringo kama vifungo, upande mmoja vimechorwa upande wa pili viko wazi. Unalitandikia bakuli blanketi lililokunjwa, unalinyanyua kwa mikono miwili unalibamiza, paa, vinaruka vinageuka vinatua. Vikilala vitano upande mmoja umepata, vikilala sita umepata zaidi, na pointi zinahesabiwa kwa vijiti na hivyo vijiti vina thamani tofauti, hapo kwenye vijiti ndipo ugomvi. Kuna bibi mmoja, namuona ananiangalia, huwa anabamiza huku anaongea na mtu mwingine kabisa, hata bakuli haliangalii, na anashinda. Mzee wetu wa Ujiji ambaye bao la kete hakuna anayemsogelea hapa mjini, kashindwa mechi zote na kila wiki anarudi.

Vikapu nataka ujue vinavyofanywa kwa sababu kimoja kiko mbele yako hapo mezani. Wanakwenda msituni kutafuta mti wa ash mweusi, wanaukata, halafu gogo zima linapigwa na kisogo cha shoka, linapigwa kila mahali, mpaka pete za mti, zile za kila mwaka, zinaachana moja moja zinabanduka kama mikanda. Ule mkanda unachanwa mwembamba, unakwanguliwa mpaka unateleza, ndiyo unasukwa. Hakuna mashine. Sasa mwaka 2018 mdudu wa kijani anayekula miti ya ash kutoka ndani aligunduliwa Bedford, karibu na Halifax, na miti yenyewe ilikuwa michache tayari, kwa hiyo kapu kama hilo kwa miaka ijayo litakuwa kitu cha kuhadithiwa na ndiyo maana nakuambia usiliwekee simu na chaja.

Yapo mabaya pia na wao wenyewe hawayafichi. Dawa za kulevya zimeingia, sukari inawamaliza wazee, vijana wakipata elimu wanahamia Halifax. Kuna wanachama wetu wamewahi kuambiwa madukani maneno ambayo hata wao wanaambiwa, mlinzi anakufuata nyuma rafu kwa rafu, na tulipoanza kulinganisha siku tukakuta tunasimulia kitu kimoja. Kimbunga Fiona kilipopiga Septemba 2022 umeme ukakatika siku nyingi, sisi wageni tulikuwa hatujui hata pa kuanzia, alikuja mtu na pikapu ya kuni akazishusha akaondoka, hakutaka hela, wala jina hakutuachia, tumekuja kumjua baadaye kwenye mawiomi. Hatumtaji, hapendi.

Kwa hiyo mheshimiwa maombi yetu. Tunaomba ukirudi uwaambie wanaohusika kwamba wakichagua watu wa kuja Coady wasichague maafisa peke yao, walete na wavuvi, mtu wa BMU kutoka Kilwa au Lamu au Kigoma, akae wiki nzima na wavuvi wa Paqtnkek waongee nyavu na leseni na namna ya kukaa meza moja na serikali bila kupewa soda na bahasha mkaachana. Tunaomba pia vijana wanne watano wa hapa waje kwetu, wazazi wao wako tayari, nauli tutachangishana sisi na wao, tunachohitaji kwako ni barua na mtu wa kuwapokea. Na darasa letu la Kiswahili la Jumamosi lina watoto wa Kimi'kmaq wawili sasa, vitabu tunachapisha kwenye printa ya mtu nyumbani kwake na wino anasema umekwisha, hilo la vitabu tunakuomba kabisa kabisa usilisahau.

La mwisho ni kapu. Lina jina la aliyelisuka chini ya kitako, yeye ndiye atakukabidhi kwa mkono wake sasa hivi, naomba usimame. Ukifika uwanja wa ndege libebe mkononi usilitie kwenye mizigo ya chini, wanazirusha.

Wela'lin, ahsante sana kwa kutusikiliza.

Ni sisi Waswahili wa Antigonish. Imesomwa na katibu wa kikundi.